Nyimbo za Waliobeba Mizigo

Coaster za Tukuyu hupakia Nane Nane, Uyole, na haziondoki mpaka kiti cha mwisho kipate mtu. Ukishaliacha bonde la Mbeya barabara inapanda hadi Isyonje, ambako baridi huingia dirishani hata mchana na magunia ya viazi husimama kando ya lami yakisubiri malori. Kisha inaanza kuteremka: Kiwira na ndizi zake, chai ya Katumba iliyokatwa usawa mmoja mpaka inapokutana na migomba, na upande wa kushoto, mawingu yakiruhusu, Mlima Rungwe wenye mita 2,960. Mama aliyeketi kando yangu aliniuliza kama nakwenda msibani, maana wengi wanaopanda gari hilo mwisho wa juma wanakwenda kuzika. Nikamwambia hapana, natafuta nyimbo za vita. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi ni msibani hukohuko, baba."

Kilichonipeleka Rungwe ni vita vya 1914 hadi 1918. Tukuyu wakati huo iliitwa Neu Langenburg, makao ya utawala wa Kijerumani kwa nchi yote ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Kusini-mashariki ya mji, Masoko, ilikaa Kompania ya Tano ya jeshi la kikoloni: askari Waafrika chini ya maofisa Wajerumani. Septemba 1914 kompania hiyo, ikiongozwa na Kapteni von Langenn-Steinkeller, ilivuka Mto Songwe kwenda kuishambulia Karonga. Ilishindwa, ikarudi na majeruhi, kapteni mwenyewe akiwa mmoja wao. Mei 1916 zamu ikageuka. Jenerali Edward Northey aliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na mwezi haujaisha Tukuyu ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Wamisionari Wajerumani wakapelekwa kizuizini, na baadaye kanisa la Livingstonia la Waskoti likaja kuzilea sharika za Moravian zilizoachwa. Jeshi la Northey likasonga Njombe, na mwisho wa Agosti likaingia Iringa.

Hayo yote yameandikwa, tena kwa kirefu. Makamanda wana majina, vikosi vina namba, mapigano yana tarehe. Anayekosekana katika vitabu hivyo ni mtu aliyetembea nyuma ya askari na sanduku kichwani.

Hesabu ya mtu huyo inatisha ukiifanya mwenyewe. Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 60, karibu kilo 27. Posho yake ya unga, pale ilipotimia, ilikaribia kilo moja kwa siku. Mtu aliyebeba unga akatembea siku kumi na tatu kwenda na kumi na tatu kurudi ameshaula mzigo wote, na askari aliyeko mbele hajapata hata kijiko. Ndiyo maana askari mmoja alihitaji wapagazi wengi nyuma yake, na wapagazi hao wakahitaji wapagazi wengine wa kuwalisha. Mizigo ilipokewa Mwaya, kwenye joto la ziwani, ikapandishwa Tukuyu, kisha ikavushwa nyanda za baridi kuelekea Njombe. Mtu wa bondeni aliyezoea kulala bila shuka alilazwa nje, kwenye umande wa milimani, na nguo moja mwilini. Kuhara damu na homa ya mapafu viliua wengi kuliko risasi. Waingereza peke yao waliandikisha watu wapatao milioni moja kubeba mizigo katika vita vya Afrika Mashariki, na hesabu za serikali yao zinakiri vifo zaidi ya 95,000. Nyasaland, ng'ambo tu ya Songwe, ilitoa kama 200,000, watu walioitwa tenga-tenga. Kisha njaa ikafuata, maana ng'ombe na nafaka vilikwisha kuchukuliwa na mikono ya kulima haikuwapo, na mwisho wa 1918 ukaja ule ugonjwa wa mafua uliozunguka dunia nzima.

Nilikwenda Masoko kwa bodaboda, kwa barabara ya vumbi jekundu inayopita katikati ya migomba na miparachichi. Ziwa lenyewe, ambalo wenyeji huliita pia Kisiba, ni kreta ya volkano iliyojaa maji. Ni la duara, limetulia, na kina chake ni kirefu kuliko unavyodhani ukisimama ukingoni. Kila mgeni husimuliwa kwamba Wajerumani walipokimbia walitupa humo fedha na silaha zao, na sarafu za Kijerumani huonyeshwa kama ushahidi. Nilisikiliza kwa heshima. Lakini niliona pia jinsi hadithi ya hela ilivyokaa mbele ya kila hadithi nyingine. Watu wamekuja Masoko kuuliza habari za sarafu, na wenyeji wamejifunza kujibu habari za sarafu.

Mzee mmoja wa hapo, umri wake umepita miaka themanini, alishangaa nilipomuuliza habari za wapagazi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanifundisha kusema ugonile, akasisitiza niirudie mpaka ikae sawa mdomoni. Tuliketi barazani kwake, mke wake akaleta ndizi mbalaga za moto na chai ya maziwa.

"Bibi yangu alikuwa na kaka," alisema. "Alichukuliwa na Waingereza walipokwisha kuingia. Walikuja kwa malafyale, chifu wetu, wakataka watu. Malafyale akatoa vijana."

"Alirudi, tata?"

"Hakurudi. Aliyerudi ni mwenzake, akasema walimwacha njiani kwenda Njombe, tumbo linamwendesha. Hawakumzika. Walikuwa wanafukuzwa."

Bibi yake, akaendelea, alikuwa na wimbo aliouimba wakati wa kusaga ulezi. Hakuuimba mbele ya watu wala kanisani, na watoto wakimkaribia alikuwa akishusha sauti. Mzee aliukumbuka nusu. Alinichezea mahadhi yake kwa vidole juu ya mkono wa kiti, akajaribu kuanza, akaacha, akaanza tena kwa Kinyakyusa. Katika alichokikumbuka hamna bunduki wala bendera, na jina la Mjerumani au Mwingereza halimo. Kuna majina ya wanaume watatu wa kijiji kile na jina la mto. Mengine yamepotea, na bibi alikwisha kufa kabla Tanganyika haijapata uhuru. Nilimwomba nirekodi, akakubali, na sauti hiyo iko nyumbani kwake kwenye simu ya mjukuu wake, kwa sababu niliona ni mali yao kabla ya kuwa yangu.

Nikamuuliza kama yule kaka alifanyiwa matanga. Hapo akanitazama kama niliyeuliza jambo ambalo kila mtoto anapaswa kulijua. "Hakuchezewa," akasema. "Hapakuwa na mwili."

Siku ya pili nilielewa alichosema. Alinichukua kwenye mazishi ya mzee mwenzake, kijiji cha pili. Asubuhi yote ilikuwa ya kanisa: kwaya ya Moravian, mahubiri, wasifu wa marehemu uliosomwa na mwanawe mkubwa, rambirambi kutoka ofisi ya kijiji. Alasiri, jeneza likiwa limekwisha kushushwa na udongo kufukiwa, ngoma zikaanza. Ngoma kubwa zinagonga kifuani kabla hazijafika masikioni. Wanaume wakaingia uwanjani kwa kukanyaga kwa nguvu, wanakimbilia upande mmoja, wanasimama ghafla, wanarudi. Mikuki haikuwapo, walishika fimbo na miavuli, lakini mkono uliinuliwa vilevile unavyoinuliwa na mtu anayelenga. Wanawake walipita katikati yao wakilia na kucheza kwa pamoja. Kijana aliyekuja na suti kutoka Dar es Salaam alivua koti, akampa dada yake, akaingia.

Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia mke na mume, waliishi na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938 na wakayaandika mazishi haya kwa makini kuliko mtu mwingine yeyote wa wakati wao. Godfrey alichapisha makala yake juu ya maziko mwaka 1939. Alieleza kwamba wanaume hucheza ngoma ya vita juu ya kaburi, mikuki mkononi, na kwamba wachezaji wenyewe waliiona ngoma hiyo kuwa ndiyo maombolezo yao: wanawake hulia kwa sauti, wanaume kwa miguu. Mara nyingine, vijiji viwili vikikutana msibani, ngoma iligeuka ugomvi wa kweli na watu wakaumizana. Jambo moja lilinigusa sana nilipokuwa nasoma habari zake. Godfrey Wilson alichukia vita kwa imani yake na hakutaka kushika silaha. Vita vya pili vilipokuja alijiunga na kitengo cha tiba cha jeshi la Afrika Kusini, na akafa mwaka 1944 kabla havijaisha. Mtu aliyeielewa vizuri hivyo ngoma ya vita ya Rungwe naye alimezwa na vita.

Sasa rudi kwa kaka wa yule bibi. Kama kilio cha mwanamume ni ngoma juu ya kaburi, mtu asiye na kaburi huliliwa wapi? Vijiji vya Rungwe na vya ziwani vilipeleka vijana, na waliobaki njiani hawakuchezewa. Ngoma kubwa haikupigwa kwa ajili yao. Kilichobaki ni mwanamke mmoja kwenye jiwe la kusagia, akitaja majina matatu na mto, kwa sauti ya chini. Mimi naamini wimbo ule ulikuwa maziko.

Nchi nyingine zimezitunza nyimbo za namna hii hata zikawa fahari yao. Waayalandi, ambao kwa karne nyingi walitoa vijana wao kwa majeshi ya Mwingereza kwa sababu ya umaskini na kukosa ardhi, wana hazina kubwa ya nyimbo za masimulizi juu ya jambo hili. Katika "Mrs McGrath" mama anamngoja mwanawe miaka saba, anamwona anashuka melini bila miguu, na anamuuliza maswali ya mama tu. Katika "Johnny I Hardly Knew Ye", uliochapishwa 1867, mke anamtambua kwa shida mumewe aliyerudi kutoka vitani akiwa amekatwakatwa. "Arthur McBride" ni wa vijana wanaomkatalia kabisa askari anayekuja kuandikisha watu. Nyimbo hizi huimbwa hadi leo kwenye vilabu na majukwaani, na watoto wanazijua. Hazisimulii nani alishinda. Zinamweka mama mbele, halafu zinauliza kilichobaki cha mtoto wake.

Sisi tumerithi zaidi nyimbo za kwenda kuliko za kurudi. "Funga Safari" ya askari wa King's African Rifles wengi wameisikia, na Wajerumani nao walikuwa na "Heia Safari", jina ambalo kamanda wao, Lettow-Vorbeck, alilipa kitabu chake cha 1920. Zote mbili ni nyimbo za mwendo, za kuifanya miguu isahau inakokwenda. Hata vita vyetu wenyewe vya Kagera vimebaki midomoni mwa watoto kwa wimbo wa mchakamchaka unaomtakia Idi Amin kifo. Nimeukimbilia mimi, wameukimbilia wanangu. Ni wimbo unaomtaja adui tu. Katika shule niliyosoma hatukufundishwa wimbo hata mmoja unaomtaja Mtanzania aliyekufa kule.

Jambo hili nililizungumza Tukuyu mjini na mwanajeshi mstaafu, mwenyeji wa Busokelo, aliyevuka Mto Kagera 1979 akafika Kampala. Ni mtu mpole, ana duka la vifaa vya ujenzi na anaongea taratibu. Aliniambia chenja walizoimba wakienda anazikumbuka zote, na akaniimbia kadhaa pale dukani mpaka wateja wakasimama kusikiliza. Nilipomuuliza waliimba nini waliporudi, aliweka daftari la madeni kando. Walirudi na gwaride, akasema, na wenzao walikuwa wamekwisha kuzikwa kwenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, hutazama televisheni. Anangoja jina la rafiki yake wa handaki, na jina hilo halijawahi kutajwa. Anasema si kosa la mtu yeyote, majina ni mengi. Mimi sikubaliani naye. Majina ni mengi, na ndiyo sababu ya kuyataja.

Ziko pia ngoma zilizotoka vitani zikageuka furaha. Kandokando ya Ziwa Nyasa, pande zote mbili, vijana waliorejea kutoka jeshini waliuchukua mwendo wa gwaride, wakatengeneza vipaza sauti vya kibuyu vinavyovuma kama tarumbeta, wakajipa vyeo, wakaanzisha mashindano ya kijiji na kijiji. Wengine huziita mganda, wengine malipenga, na upande wa Wangonde na Kyela mapenenga. Pwani mambo kama hayo yalikuwa kwenye beni, pamoja na vyeo vyake vya kifalme. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima mwaka 1975 juu ya ngoma hizi. Nazipenda. Lakini zilitokana na askari na waliowaiga askari. Mpagazi hakuwa na gwaride la kuiga.

Ng'ambo ya Songwe kuna kazi iliyofanywa kwa wakati. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanahistoria Mmarekani, Melvin Page, alizunguka Malawi akiwauliza wazee waliopigana au waliobeba mizigo, wakiwa bado hai, na maneno yao yakaingia kwenye kitabu chake *The Chiwaya War*. Kwa upande wetu, hazina iliyo karibu zaidi na watu wale iko mbali sana. Madaftari ya akina Wilson yako kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Humo mna maneno ya wanaume wa Rungwe waliokuwa vijana mwaka 1916 na watu wazima wa makamo mwaka 1935, na mengi yaliandikwa kwa Kinyakyusa kwa msaada wa Leonard Mwaisumo, karani na mshirika wao Mnyakyusa. Aprili 2021 moto wa mlimani ulishuka ukateketeza ukumbi wa Jagger wa maktaba ya chuo hicho pamoja na vitabu na filamu nyingi za Kiafrika. Hilo peke yake linatosha kutuonyesha hatari ya kuweka kumbukumbu ya watu mahali pamoja, kilomita maelfu kutoka kwao.

Mwezi huohuo wa Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ya kukiri kosa. Watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika utumishi wa Dola ya Uingereza wakati wa vita vya kwanza, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Maofisa waliwekewa mawe yenye maandishi. Wapagazi walionekana kuwa watu wasiohitaji.

Tume imesema inatafuta majina. Majina mengine hayako London. Yako Masoko, Mwakaleli, Lwangwa, Ipyana na Mwaya, vinywani mwa watu waliopita miaka themanini. Ninawaomba wenye asili ya Rungwe na Kyela: mkienda kuzika mwisho wa juma, msiondoke alfajiri kuwahi basi la Dar es Salaam kabla ya kukaa na mzee mmoja. Muulizeni nani wa ukoo alichukuliwa wakati wa Wajerumani na Waingereza, alionekana mara ya mwisho wapi, na bibi aliimba nini. Rekodini kwa simu, kwa Kinyakyusa chake mwenyewe, andikeni jina, kijiji na mto. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine ipelekwe kwa ofisa utamaduni wa halmashauri. Na Makumbusho ya Taifa pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waombe rasmi Cape Town nakala za madaftari ya Mwaisumo na akina Wilson, ziletwe Tukuyu, zisomwe na watu ambao babu zao ndio waliosema maneno hayo.